Nilivyochagua Kichwa cha Cherehani Kakuma

Leo nimeaibika Kakuma, na Lodwar wameona moja kwa moja. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mama Ebei. Yeye ataongeza chumvi, na kisa hiki chumvi kinayo tayari.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Esinyen, fundi wa nguo hapa Lodwar. Nina kikundi cha kina mama, tunashona mablanketi ya vipande. Unachukua mabaki ya vitenge, unayaunganisha, unaweka pamba katikati na kitambaa kingine chini, halafu unapitisha uzi kote mpaka vyote vitatu vishikane. (Ndiyo, najua Lodwar ni joto. Msiniulize nani anajifunika. Wageni wananunua.)

Shida ni cherehani yetu. Ikikutana na pamba inakohoa, inakata uzi, inasimama. Meza yake ni nzima na miguu yake ya chuma ni mizima. Kilichokufa ni kichwa. Sisi mafundi tunaita kichwa ile sehemu ya juu yenye sindano. Unanunua kichwa peke yake, unakipachika kwenye meza ya zamani, maisha yanaendelea.

Sasa Mama Ebei, ambaye ni wifi yangu, alitaka tununue ile ndogo ya plastiki, rangi ya waridi, aliyoiona kwenye simu. Nikasema ile ni ya kushonea nguo za doli. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe kina mama wakaamua: Mama Esinyen ndiye fundi, achague yeye. Akikosea, atachagua Mama Ebei, na hakuna kununa. Hivyo heshima yangu yote katika kikundi ikawa imekalia kichwa kimoja.

Nikamwandikia Akiru, mpwa wangu anayeishi Kakuma: "Nitafutie mtu mwaminifu mwenye vichwa vizuri." Akiru hajawahi kushika sindano tangu azaliwe. Akajibu upesi: "Anti, chukua namba ya Abdi wa Vichwa. Kakuma yote inamjua."

Abdi wa Vichwa. Nilifurahi kweli. Mtu mpaka anaitwa kwa jina la kazi yake, huyo ni bingwa.

Leo asubuhi kikundi kikakutana kwangu. Nikapiga simu, nikaweka spika, ili kila mmoja asikie jinsi fundi anavyonunua. (Hakuna aliyeniomba niweke spika. Hiyo ilikuwa akili yangu mwenyewe.)

"Salaam aleikum, Abdi. Nasikia una vichwa."

"Aleikum salaam, mama. Vichwa iko. Unataka kubwa ama ndogo?"

"Kubwa. Nina kazi nzito."

"Kubwa iko moja. Ni nyeusi, na iko na kadoa nyeupe hapa mbele."

Nikawanong'oneza kina mama kwamba hako kadoa ni nembo ya kampuni. "Ni ya zamani?" nikamuuliza.

"Zamani? Mama, hii ni ya leo asubuhi."

Nikawakonyeza. Imetoka kwenye boksi leo!

"Na shingo je? Mimi nataka shingo ndefu." Kwa blanketi, shingo ya cherehani ndiyo kila kitu. Ikiwa fupi, blanketi halipati pa kupita.

"Shingo nitakuachia ndefu vile unataka. Ni mimi nakata."

Jamani. Mtu anakata shingo kwa kipimo cha mteja. Hata Nairobi sijasikia huduma kama hiyo.

"Meno yako sawa?" Cherehani ina meno madogo chini ya sindano, ya kusukuma kitambaa.

"Meno iko ya chini tu. Ya juu mbele hakuna. Lakini wewe si unajua hii maneno?"

"Najua sana," nikasema, na nikajikohoza kidogo kwa heshima. "Na mguu? Mguu unatembea?" Kuna mguu wa kukandamiza kitambaa tu, na kuna ule unaotembea pamoja nacho. Wa mablanketi ni huo unaotembea. Nilijifunza kwenye video, na nilitaka Mama Ebei asikie kwamba nimejifunza.

"Mama, mpaka jana ilikuwa inatembea."

"Na leo?"

"Leo hapana, mama."

Nikasema moyoni, hilo ni jambo la mafuta tu. "Mafuta iko?"

"Mingi. Hii haikukonda."

"Na haipigi kelele?"

"Jana ilipiga. Sasa imenyamaza kabisa."

Hapo Mama Ebei akanitazama. "Wifi, mbona huyu mtu anaongea hivi?"

Nikamwambia, wifi, Kiswahili cha Kakuma kina milango mingi. Kuna cha Wakongo, kuna cha Wasomali, kuna cha watu wa Juba. Ukitaka kununua kitu huko lazima uwe na masikio. Mimi ninayo. Nikamgeukia Abdi kwenye simu: "Niwekee hicho. Nakuja leo leo kukijaribu."

"Karibu. Utaonja mwenyewe."

"Kuonja," nikawatafsiria kina mama, "ni kujaribu." Wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja hata akasema kikundi kina bahati kuwa na mimi.

Nikavaa kitenge kipya. Nikabeba uzi, kipande cha blanketi cha kujaribia, na kichupa cha mafuta ya cherehani. Tukakubaliana nikifika nipige simu ya video, kikundi kione kichwa na kukipokea pamoja. Mama Ebei ndiye angeshika simu huku Lodwar.

Nimefika Kakuma jua likiwa utosini. Abdi akanipokea stejini, mtu mzima mwenye ndevu nyekundu za hina, na aproni iliyojaa mafuta. Nikafurahi zaidi. Fundi mwenye nguo safi simwamini.

Tukapita nyuma ya soko mpaka kwenye hoteli ndogo yenye sufuria inayochemka na watu wanakunywa supu. Nikadhani ananipa chakula kwanza, maana Wasomali ni wakarimu.

"Utakaa kwa meza?" akaniuliza.

"Meza sihitaji, ninayo nyumbani. Nataka kichwa tu."

"Sawa, unabeba." Akanionyesha kitu kikubwa juu ya ubao, kimefunikwa gunia. "Nimefunika isipigwe na jua."

Mtu anayekinga cherehani na jua! Nikapiga video palepale. Kikundi kizima kikajaa kwenye kioo, wengine jicho moja moja. Nikasimama kama msoma habari, mgongo kwa ubao, simu mbele yangu ili tuonekane wote wawili, mimi na kichwa.

"Kina mama, ejok, hamjambo! Mlinipa kazi ya kuchagua, na sikubahatisha. Nimeuliza shingo, nimeuliza meno, mmesikia wenyewe. Wapo waliotaka plastiki." Hapo nikatulia kidogo ili Mama Ebei aumie. "Abdi, funua."

Nikasikia gunia likivutwa.

Nikaendelea kutabasamu kwenye simu. Nikajua wamepigwa na butwaa kwa uzuri.

"Mbona hamsemi kitu? Ni kizuri ama si kizuri?"

Mama Ebei akasogea karibu na simu yake. "Wifi," akasema polepole. "Kinatuangalia."

"Hiyo ni nembo, inang'aa."

"Kina macho, wifi. Kina na masikio."

Nikageuka.

Ng'ombe dume, mweusi. Kadoa keupe katikati ya paji la uso. Shingo ndefu, vile nilivyoagiza. Ulimi ulikuwa umetokeza upande. Pembeni miguu minne imepangwa vizuri, na hakuna uliokuwa unatembea. Na mimi hapo mbele yake, nimeshika kichupa cha mafuta ya cherehani.

"Ni kubwa, sivyo?" Abdi akasema kwa fahari.

Ningenyamaza ningeokoka. Lakini mdomo wangu haukuwa umepata habari bado. Nikauliza, "Na sindano inaingia wapi?"

"Sindano?" Abdi akashtuka. "Mama, hii haikudungwa sindano. Haikuwa mgonjwa!"

Mnywaji mmoja akarudisha supu kwenye bakuli. Kule Lodwar simu ilianguka chini, nikawa naona mabati na kusikia kicheko.

Nikamweleza Abdi. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni, halafu akakumbuka biashara. "Lakini mama, shingo nimeshaacha ndefu. Na watu wameuliza hii tangu asubuhi, nimewakatalia. Nilisema ni ya mama wa Lodwar." Alikuwa na haki. Nikachukua kichwa, na miguu nikachukua.

Ngojeni, haijaisha. Nilipotoka nje, ng'ambo ya barabara, nikaona duka la fundi Mkongo, na mlangoni vichwa vya cherehani vimepangwa, vyeusi, vinang'aa, kimoja kina shingo ambayo blanketi la harusi lingepita. Mwenye duka alikuwa ameona kila kitu. "Mama," akaniita kwa upole, "vichwa ya mashini iko huku."

Nikaomba ruhusa ya kikundi kwenye simu. Akajibu Mama Ebei: "Wifi, usiguse kichwa kingine leo. Rudi nyumbani."

Nimerudi Lodwar kwa matatu na gunia miguuni, pembe moja inachungulia. Niliona haya mpaka nikajifanya nimelala, na kila tuta ile pembe ilikuwa inaniamsha.

Jioni hii kikundi kimekuja kwangu tena, safari hii na bakuli. Supu imetoka vizuri, sisemi uongo. Mama Ebei amekula ulimi karibu wote. Akajifuta mdomo, akasema, "Wifi, kichwa ulichagua kizuri sana. Duka ndilo ulikosea." Halafu akaagiza ile ya waridi hapohapo, mbele yangu, na kikundi kikapiga makofi.

Mimi, kama fundi, nilitaka tu kusaidia. Nikamwambia aulize kwanza kama ina meno ya chini. Mpaka sasa bado wanacheka, na naandikia haya jikoni.

Nyinyi angalau msicheke. Kichwa kimekwisha, lakini miguu minne bado iko hapa kwangu, na nimeikagua yote. Hakuna hata mmoja unaotembea.