Mume Wangu Alirudi Mfalme Kutoka Makumbusho Yenu

Yamumbi, Eldoret

Kwa Msimamizi wa Makumbusho, Ainabkoi

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima na paa la hiyo nyumba bado linashikilia. Mimi ni Nanzala, mke wa Wabuge, fundi wa kujenga. Jumamosi iliyopita tulikuja kuona hiyo nyumba ambayo mfalme wa zamani alikuwa akija kupumzika. Wageni tulikuwa sisi tu. Kwa heshima, nalalamika hivi:

1. Mzee Kipkirui, anayetembeza wageni, alituonyesha kiti cha mfalme akasema, "Hapa alikuwa anakaa mwezi mzima bila kufanya chochote."

Mume wangu akauliza, "Na hakuna mtu alimgombeza?"

"Nani amgombeze? Alikuwa amechoka kutawala."

Njia nzima mpaka nyumbani Wabuge alikuwa akirudia, "Mwezi mzima." Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

2. Jumatatu hakwenda mjengo. Alifunga kamba ya ng'ombe mbele ya kochi, kama ile yenu ya kuzuia wageni, akaandika kwenye kadibodi: USIGUSE, kisha akajilaza. Nikimwambia mahindi yamemezwa na magugu, anajibu, "Mama Faith, nimechoka kutawala." Anatawala nani? Hata paka wetu hamsikii.

3. Nilimwita Pasta Dennis aje amkemee. Pasta akavuka kamba, akakaa kidogo "ili amwelewe." Mpaka leo bado anamwelewa. Mke wake amemletea blanketi.

4. Sasa majirani wanakuja kuwatazama. Lorraine wa mtaa wa Pioneer alileta wageni wake, wakaniuliza kama picha zinaruhusiwa. Nilijikuta nikiwajibu, "Ndiyo, lakini msiwaamshe."

Kwa hivyo naomba muondoe hicho kiti, muweke jembe. Mzee Kipkirui aseme mfalme alikuja Ainabkoi kupalilia viazi. Kama historia itasumbuka kidogo, isumbuke. Mimi nimesumbuka zaidi.

Msalimie Mzee Kipkirui, wafanyakazi wote, na yeyote atakayepotea njia akajikuta hapo kwenu.

Wako mwenye mgongo unaouma,
Nanzala Wabuge

N.B. Usiguse kitu kwanza. Nikiwa namalizia kuandika, Wabuge aliinua kamba, akanikaribisha kochini, akanivua gambuti za shamba na kunikanda miguu. Tangu tuoane hajawahi. Pasta yuko jikoni anatupikia chai. Magugu tumeyaacha yakue. Tafadhali niulizie kwa Mzee Kipkirui: malkia naye alikuwa akipumzika miezi mingapi?