Nimeuza Daraja kwa Mandazi

Jamani, leo nimeaibika. Si ile aibu ya kujikwaa sokoni halafu unajifanya unafunga kamba ya kiatu. Hii ni aibu ya maiki. Aibu yenye picha.

Wacha niwaambie mwenyewe, kwa sababu hapa mtaani Langas kila ploti ina hadithi yake na zote zinanionea. (Ya mke wangu ndiyo mbaya zaidi. Pia ndiyo ya kweli.)

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumba. Nafuga kuku nyuma ya nyumba, kazi isiyohitaji viatu. Kochi letu lina shimo lenye umbo langu. Lakini kwa grupu la mtaa, kwa simu, mimi ni simba. Na hizi wiki zote mada ni daraja, basi nimenguruma mpaka chaji ikaisha.

Daraja lenyewe mnalijua. Lile kuukuu la barabara kuu, tunalovuka kwenda mjini. Njia ya miguu ni nyembamba kama mshipi. Trela la Uganda likipita, unajibana kwa vyuma, unavuta tumbo ndani, unaomba. Sasa litabomolewa, na serikali imeleta michoro miwili tuchague kwenye kikao cha wananchi. Mchoro wa kwanza una nguzo ndefu, nyaya za kupaa mbinguni na taa zinazobadilisha rangi usiku. Njia ya miguu ipo, ukitafuta na miwani. Mchoro wa pili ni daraja bapa kama chapati, halina urembo wowote, lakini lina njia pana ya miguu yenye ukuta, na ngazi za kushuka moja kwa moja hadi sokoni.

Jirani yangu Mama Chemutai huuza nyanya hapo sokoni. Kila asubuhi anavuka na kreti kichwani. Juzi kioo cha trela kiligonga ile kreti. Nyanya zikaenda mtoni. Yeye alibaki, Mungu ni mwema, lakini tangu siku hiyo akisikia honi anaruka hata akiwa jikoni kwake.

Basi nikaandika kwa grupu: "Taa za rangi ni za nani? Sisi tunataka kuvuka tukiwa hai!" Nilipata sifa mpaka nikaanza kutembea tofauti hapa nyumbani. Jioni Mama Chemutai akaja mlangoni.

"Baba Yvonne, kwa kile kikao wewe ndiye utatusemea."

"Mimi? Na kuku je?"

"Kuku hawavuki daraja."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu? Huyu hata geti yetu amesahau inafunguka upande gani!"

Hapo ndipo kiburi kilinipanda. Nikakubali.

Leo asubuhi tukakutana nje ya ukumbi. Baridi ya kukata masikio. Nimevaa koti la harusi (yangu mwenyewe, siku hizi halifungi). Chai sikunywa, nilikuwa nahutubia kuku. Watu wa mtaa wetu wamekuja wengi. Nikapanda juu ya jiwe nikawapa amri, na haya maneno nitazikwa nayo:

"Humo ndani kuna ujanja. Msisikize mtu. Angalieni mimi tu. Nikikaa, kaeni. Nikienda, nifuateni!"

Wakapiga makofi. Makofi! Mimi!

Ndani, injinia kijana aliyevaa kofia ngumu (ndani ya ukumbi, sijui dari aliishuku nini) alisifu mchoro wa kwanza. "Hili ndilo litakuwa sura ya Eldoret. Mtu akilipiga picha kutoka juu, lazima ashangae."

Nikasimama. "Injinia, sisi hatupiti juu! Huyu Mama Chemutai anapita chini, na kreti. Zile taa kazi yake ni gani, kumwangazia akianguka?"

Ukumbi ukalipuka. Vigelegele. Mzee Abdi wa duka la kona, mtu ambaye hacheki hata harusini, alivuka viti kuja kunipa mkono. Ningekufa dakika hiyo ningezikwa kama shujaa.

Lakini simu ikalia. Mke wangu. Nikatoka nje.

"Mlango wa kuku ulifunga?"

"Nilifunga."

"Sasa huyu jogoo kwa kitanda ni mgeni wa nani?"

Tukabishana kuhusu jogoo. Na wakati tunabishana, huko ndani mwenyekiti wa kikao akatangaza kwamba kura ni ya kupanga foleni, kila mtu asimame mbele ya mchoro anaoutaka. Sikusikia. Nilikuwa na mambo ya jogoo.

Narudi ndani, naona nini? Foleni imeanza. Mbele ya foleni kuna meza. Juu ya meza, chupa kubwa za chai na beseni limefunikwa kitambaa, na harufu ya mandazi ya iliki imejaa mpaka mlangoni. Ukutani, juu ya hiyo meza, wamebandika mchoro wa kwanza. Huo sikuuona. (Aliyeamua chai ikae chini ya mchoro huo, huyo ndiye angepewa kofia ya uinjinia.)

Watu wangu walikuwa bado wameketi. Walikuwa wananingoja, maskini. Watiifu. Nikapita katikati yao nikifuta mikono kwa koti, nikaingia kwa foleni, nikageuka nikawaita:

"Njooni! Njooni haraka kabla haijaisha!"

Wakaja. Wote. Nyuma yangu nikasikia mtu akiuliza, "Ni huku kweli?" Mwingine akamjibu, "Nyamaza, hiyo ni mbinu."

Upande ule mwingine, chini ya mchoro wa pili, alibaki Mama Chemutai na wenzake wachache wa soko. Alinitazama kama mtu anayeona nyumba yake ikiungua. Mimi nikadhani hapendi mandazi. Nikamwinulia kidole gumba. Mpiga picha wa mradi akanimulika hapo hapo, nikiwa nimetabasamu mpaka magego.

Nikafika mezani. "Dada, mimi uniwekee sukari nyingi."

"Chai bado, Baba. Mpaka kura iishe."

"Kura gani?"

"Wananchi wameamua!" mwenyekiti akatangaza. "Mchoro wa kwanza!"

Hapa mtu mwenye akili angenyamaza aende nyumbani. Mimi nilinyakua maiki. "Mwenyekiti, hii haiwezi kuwa kura! Mimi nilikuwa nafuata chai!"

Kicheko, woi! Injinia alivua kofia yake akafunika uso. Mzee Abdi, yule asiyecheka, alilazimika kukaa chini. Mama Chemutai akaja polepole, watu wakampisha.

"Baba Yvonne."

"Naam, mama."

"Hizo ngazi za kwenda soko, sasa nitapanda mandazi?"

Mwenyekiti, akipangusa machozi, akasema kura ni kura, lakini pingamizi za maandishi zinapokelewa ofisini mpaka wiki iishe. Mama Chemutai akaninyang'anya maiki. "Basi nitaandika mimi. Na kila aliyemfuata huyu atatia sahihi kabla ya kugusa kikombe." Hakuna aliyebisha. Wa kwanza kutia sahihi ni mimi. Kwa foleni ya chai nikawekwa mwisho, na mandazi yalipofika kwangu, lilibaki beseni.

Jioni hii picha iko kwa ukurasa wa mradi. Mimi mbele, kidole gumba juu, na chini imeandikwa: "Wakazi wa Langas washangilia daraja la kisasa." Mke wangu ameiweka kwa uso wa simu yake. Anasema hajawahi kuniona nimependeza hivyo.

Na hukumu nimeshapewa na Mama Chemutai mwenyewe. Mpaka jibu la pingamizi litoke, kreti yake naibeba mimi kila asubuhi, niijue hiyo njia ninayoisemea. Nimetafuta viatu tangu niingie nyumbani. Kimoja nimekipata, kuku ametagia ndani.

Kwa hivyo kesho ukiniona pale darajani, nimejibana kwa vyuma, nyanya kichwani, tumbo ndani, usicheke. Na tafadhali sana, usinifuate.