Mti wa Miavuli, Makongeni

Jumatano, 14 Desemba 1994

Imetangazwa kanisani. Mashindano ya mti wa Krismasi yapo tena. Kila nyumba ya Makongeni inayotaka italeta mti wake uwanjani mwa kanisa mkesha wa sikukuu, mchana. Mwamuzi ni Mwalimu Lydiah wa shule ya Jumapili. Mshindi atapewa keki, na kwaya itamwimbia mlangoni pake.

Ochola alishinda mwaka jana na mwaka juzi. Ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Fundi wa umeme wa reli. Hufunga balbu zinazokonyeza macho, na watu wanadhani ni kipaji. Si kipaji, ni waya! Mimi ni karani wa vifurushi katika reli hiyo hiyo. Kifurushi hakikonyezi macho.

Tatizo liko nyumbani. Mama yake mke wangu, Triza, alizikwa Oktoba kule Kimilili. Tangu siku hiyo Triza hupika, hufua, huitikia salamu, na hajatoa chozi hata moja. Binti yetu Vivian yuko kwa mjomba wake Webuye kwa likizo. Nyumba imenyamaza. Nilipogusia mti, Triza alisema mwaka huu nyumba hii haina mti. Nikamwambia naelewa kabisa.

Naelewa kabisa. Nitaanza Jumamosi.

Jumamosi, 17 Desemba

Nimetafuta tawi la saipresi asubuhi nzima. Ua wa nyuma ya bohari ya reli umenyolewa. Mlinzi anasema Ochola alipita juzi na panga. Nilijua!

Basi nikaenda Dandora, kwenye jaa, kwa akina mama wanaouza vyuma vya kuokota. Nikaona rundo la mifupa ya miavuli. Wazo likanijia nikiwa nimeziba pua. Mwavuli mkubwa chini, mdogo juu, na mingine katikati ikipungua. Si mti huo? Nimeifunga kwa waya kwenye bomba moja refu. Umenipita kimo. Kijana mmoja akauzunguka, akaniuliza, "Buda, hiyo eriali itashika stesheni ngapi?" Wabunifu wote huchekwa kwanza.

Nyumbani hauwezi kuingia. Kitonga, mwenye bucha Soko la Burma, amekubali kuuweka uani kwake mpaka mkesha. Mtu mwema sana.

Jumanne, 20 Desemba

Kitonga si mtu mwema!

Nimekuta ametundika matumbo ya mbuzi juu ya mti wangu. Kila ubavu na utumbo wake. Anasema hajawahi kupata kitundikio kizuri namna hii, na kama naweza nimtengenezee kingine. Nimesugua kwa sabuni, nikasugua kwa majivu. Mafuta yamegoma. Harufu imegoma.

Mti unahitaji nguo. Nguo za rangi, nyingi, kuanzia chini mpaka kileleni. Nimewaza njia nzima ya kurudi. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshajua nguo hizo ziko wapi, na nikatamani nisijue.

Alhamisi, 22 Desemba

Chini ya kitanda kuna sanduku la marehemu mama mkwe. Ndani mna vitambaa vyake vya kichwa. Vyekundu, vya manjano, vya maua, vya vipepeo. Triza alirudi navyo kutoka mazishini na hajalifungua sanduku hilo tena.

Kwetu Wabukusu mkwe ni mkwe. Akiwa hai sikuwahi kumpa mkono. Nilipomwona njiani niliingia kwenye mahindi, naye alijifunika uso akapita. Miaka yote ile tumeheshimiana kwa mbali. Sasa nitagusaje nguo zake?

Nimetumia koleo la makaa.

Triza alikuwa ameenda sokoni. Nilivitoa kimoja kimoja, nikigeuza uso, nikavitia kwenye gunia. Cha mwisho, chenye maua mekundu, kiliteleza kikaanguka sakafuni, na koleo likakataa kukishika. Nikakiokota kwa mkono. Kilinukia moshi wa kuni na maziwa. Nilisema, hodi, mama. Sijui kwa nini nilisema hodi. Nilikaa kidogo kitandani.

Kisha nikakumbuka balbu za Ochola.

Jumamosi, 24 Desemba

Naandika kabla ya kuvua viatu.

Uwanja ulijaa. Mti wa Ochola ulikonyeza macho kushoto, ukakonyeza kulia. Watu wakasema aaa. Kisha upepo ukaja, na mti wangu ukafunguka! Vitambaa vyote vilipepea kwa pamoja. Watu hawakusema aaa. Walisogea karibu. Mwalimu Lydiah akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Nilijua nimeshinda.

Ndipo nikamwona Triza. Alikuwa amesema hatakuja. Kumbe Truphena, mke wa Ochola, alikuwa amemshika mkono akamtoa nje apate hewa.

"Baba Vivian," Triza akasema, "hicho chenye maua mekundu umekitoa wapi?"

"Burma," nikasema.

Akakifungua, akakinusa. Hakunitazama. Alikifunga kichwani kwake polepole, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, akaketi chini kwenye vumbi mbele ya mti. Akalia. Alilia kilio cha kwetu, cha kuita, akimtaja mama yake kwa jina na kumuuliza amemwachia nani. Machozi ya tangu Oktoba yote. Nilisimama pale kama mzigo usio na mwenyewe.

Truphena akaketi naye, akamkumbatia. Kisha akafungua kitambaa chake mwenyewe, akakifunga kwenye ubavu mmoja wa mwavuli, akasema, "Huyu ni mama yangu, aliyezikwa Asembo." Mwanamke mwingine akaja, akamtaja dada yake. Mwingine akamtaja mtoto. Wakawa wanapanga foleni, wanawake wa Makongeni, vichwa wazi, kila mmoja na jina lake. Ochola akaenda taratibu akazima balbu zake. Hakuna aliyemwambia.

Mwalimu Lydiah aliomba maombi mafupi. Akasema leo hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Nilimuuliza kama keki bado ipo. Akavua miwani tena, akaipangusa.

Jumapili, 25 Desemba

Kwaya haikuja mlangoni kwa mtu yeyote. Keki ilikatwa vipande, ikagawiwa watoto.

Baada ya ibada Triza alikunja vitambaa vya mama yake mezani. Vya wengine vilikuwa vimesharudi kwa wenyewe. Mimi niliketi kwenye stuli karibu na mlango, endapo ningehitaji kukimbia.

"Ulimshika mama yangu nguo," akasema.

Nikamwambia sikushika. Nilitumia koleo.

"Koleo gani?"

"La makaa."

Akanitazama. Mdomo ukamcheza. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika meza, akanitaka nimwonyeshe nilivyogeuza uso. Nikamwonyesha. Akacheka tena, na katikati ya kicheko akalia kidogo, kisha akapangusa macho akasema chai imeiva.

Tulipokuwa tukinywa alisema Januari nitakwenda Kimilili na blanketi la kuomba radhi, niwaeleze wazee nilichofanya. Nikakubali. Akasema pia nisichukue kitu chochote cha nyumba hii tena bila kumuuliza. Chochote, Baba Vivian. Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wangu wote, nikimshika mkono. Nimekuwa mtu mpya. Nayaandika haya hapa ili yajulikane.

Jumatatu, 26 Desemba

Mwalimu Lydiah amepita kusalimia. Anasema Jumapili ya Matawi kutakuwa na maandamano kuzunguka mtaa wote, na kanisa linatafuta punda. Ochola, aliyekuwa amesimama mlangoni pake, akasema ana binamu huko Njiru mwenye mkokoteni wa punda. Lydiah akamwambia asante sana, Mungu ambariki. Akambariki mbele yangu!

Punda wa kweli ana hatari. Anauma, anapiga teke, halafu hana adabu barabarani. Punda wa kutengenezwa hutembea unavyotaka. Unahitaji mbao, vijana wawili wa kuingia ndani, na ngozi.

Triza ameenda kwa Truphena kunywa chai. Nimeketi hapa nikitazama dirisha la sebuleni. Pazia lake ni zito, la kijivu, refu mpaka sakafuni. Punda ni wa kijivu.

Limeshuka vizuri sana, bila kuchanika hata kidogo. Nitamuuliza Triza akirudi. Au Pasaka.