Ombi la Kumkabidhi Dobi Madaraka ya Bodi

Kwa Mheshimiwa Dobi wa Shule,
Chumba cha Kufulia.

Shikamoo, Mzee.

Natumaini mgongo umepata nafuu. Mwezi juzi niliiandikia Bodi ya Shule kuomba msomaji na muda wa ziada katika mtihani wa mwisho, kwa sababu mtaalamu amethibitisha kwamba nina disleksia: akili nzima, macho mazima, ila herufi hazitulii. Kwenye bahasha b na d zikabadilishana nafasi kama kawaida yao, Bodi ikawa Dobi, na barua ikaletwa kwako. Uliijibu siku hiyohiyo, nyuma ya pakiti ya sabuni: "Mwanangu, mimi nafua tu. Ila ombi lako ni la haki, wakupe." Bodi ilipopata nakala yake ilikaa wiki tano, kisha ikajibu: "Mwombaji aongeze bidii."

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwenye ofisi inayosoma barua.

1. Mwalimu wa Kiswahili, tunayemwita Wino Mwekundu, alituagiza insha kuhusu harusi. Niliandika ya dada. Kwenye karatasi aliyeolewa akawa baba. Mwalimu akaisoma kwa sauti, darasa zima likavunjika mbavu, kisha akamwita mzazi. Baba alifika na nguo zake za kazi, akauliza kwa upole ameolewa na nani.

2. Dawa niliyopewa ni kuandika neno "dada" mara mia tano. Nilipofika mia tatu, baba alikuwa ameshaolewa tena.

3. Mwenyekiti wa Bodi amesema hali hii haipo, kwa kuwa katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuwa nayo. Kwa kipimo hicho hata aibu haipo duniani.

4. Katibu wa Bodi, katika barua ya mistari miwili, amekosea jina langu mara mbili. Hakuna aliyemwambia aongeze bidii. Wajumbe wana miwani, viti vya kuzunguka na chai ya saa nne, na bado ukurasa mmoja umewashinda wiki tano. Mimi ukurasa kama huo huumaliza kwa nusu saa, nao ndio wanaoniita mzito.

5. Wewe unapokea mashati mia nne, yote meupe, na hakuna hata moja linalorudi kwenye kitanda kisicho chake. Shati lisipotakata hulitukani, unabadilisha sabuni. Hivyo naomba Bodi ivunjwe, madaraka yake yahamie chumba cha kufulia, na wajumbe wapangiwe zamu ya soksi mpaka tuone maendeleo.

6. Mimi mwenyewe najiondoa kwenye mtihani, nije nipige pasi. Pasi haina b wala d. Nimechoka, Mzee. Kuna siku najua jibu kabisa, nalisema, wananipigia makofi, halafu naliandika lilelile napewa sifuri. Siku hizo najiona mjinga, na nawachukia wote walionizoesha kujiona hivyo.

Barua hii imenichukua siku nne, na mwenzangu wa kitanda cha juu amekagua kila b na kila d. Nisalimie mama nyumbani, fundi bomba, na yule paka wa stoo. Ukikutana na Bodi isalimie pia, ila taratibu, isije ikapitwa.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, dawati la nyuma.

Tanbihi: Fomu ya kujiondoa nimeipata leo. Ina visanduku viwili, "Naondoka" na "Nabaki". Nimevisoma mara sita, kidole chini ya kila herufi. Nilikusudia kuondoka, nikatia alama kwenye "Nabaki", na safari hii si kosa la herufi. Msomaji sijapewa, mtihani ni baada ya wiki sita, na bado nataka kuwa daktari. Jumamosi nitakuja kupiga pasi, nawe unisomee maswali ya miaka iliyopita. Tuanze na Fizikia. Tafadhali njoo na miwani.