Nilivyojifunga Mwenyewe kwenye Geti la Mjengo

Jamani, leo nimevuliwa heshima mchana kweupe. Hapa hapa Muthangari, mbele ya majirani wote na tingatinga moja.

Wengi wenu mnanijua. Baba Nekesa, mtu wa vifaa vya ujenzi, River Road. Shule niliiacha darasa la saba, nikabeba simiti mgongoni mpaka nikawa mwenye kuuza simiti. Nyumba nimejinunulia kwenye mtaa ambao watu wake wanaongea kwa pua. Mimi si mtu wa kuchezewa! (Endeleeni kusoma, mtaona nilivyochezewa.)

Sasa, kuna kampuni imenunua ploti iliyo jirani na Mama Mwende, upande ule jua linakotokea. Wanataka kusimamisha ghorofa kumi na nane. Mtaa mzima umekataa. Wengine wanalia maji, wengine barabara, wengine mabomba ya choo ambayo hata sisi wachache tunayashinda nguvu. Mimi sababu yangu ni mtu mmoja tu: Mzee Mutiso, mumewe Mama Mwende.

Tulipohamia hapa, jirani mmoja alimtuma soja wake wa getini aniulize kama mimi ndiye mtu wa kukata nyasi. Mzee Mutiso alikuja mwenyewe kwa miguu, na kikapu cha mbaazi mbichi za kwao Makueni, akasema, "Karibu nyumbani." Hilo neno sijalisahau. Halafu mwaka jana kiharusi kikampiga. Upande mmoja ukalala, na maneno yakaisha. Kila asubuhi mkewe humtoa ndani hadi kwenye veranda, humkalisha kitini, na jua linamwangukia ule mkono uliolala. Mzee hufumba macho, akaligeuzia jua uso polepole kadiri linavyosogea. Ni hicho tu anachokifanya bila kusaidiwa. Ghorofa ikisimama pale, ataligeuzia nini uso?

Basi leo asubuhi wakili wetu ameenda kortini kutafuta amri ya kuwasimamisha. Hata chai sijamaliza, simu ikalia. Mama Mwende.

"Baba Nekesa, tingatinga imefika!"

Nikaelewa mchezo wao. Wakishachimba, amri ya korti itakuja kukuta shimo. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa moja: hilo geti lisifunguke mpaka wakili arudi.

Nikafungua buti ya gari, nikachukua mnyororo na kufuli ya dukani kwangu, ile kubwa. Nikakimbia. (Sawa, nilitembea haraka. Kitambi.) Nikaweka mgongo kwenye geti, nikapitisha mnyororo kwenye mabawa yake mawili, nikauzungusha tumboni, nikabana. Ta! Tingatinga ikasimama mbele yangu inanguruma. Majirani wakatoa simu. Na mimi nikiona simu zimenielekea, akili hunihama.

"Kufuli hii nauza mimi!" nikapiga kelele. "Haikatwi na mkasi! Haipasuliwi na nyundo! Anayetaka kuingia humu, aningoje nizeeke!"

Halafu nikaurusha ufunguo nyuma yangu, juu ya ukuta, ndani ya ile nyasi ya ploti. Makofi! Hata wale wa kuongea kwa pua walipiga vigelegele.

Msinione mjinga. Ufunguo wa pili nilikuwa nao mfukoni.

Mnyororo ulianza kunifinya. Jua nalo likapanda. Nikasema wacha nipapase mfuko, nijue tu mwenzangu yupo. Nikautoa kidogo, nikauchungulia.

Ufunguo wa choo.

Nyinyi wa River Road mnaelewa. Jengo lina choo kimoja, kimefungwa kwa kufuli, na kila mwenye duka ana ufunguo wake anaoutunza kuliko kitambulisho. Ndio huo nilikuwa nao. Ule wa kufuli uko kwenye koti la kahawia, na koti la kahawia amelichukua mke wangu asubuhi kulipeleka kwa dobi.

Nikapoa kama chai ya jana.

Fomani wa mjengo, kijana mrefu mwenye kofia ya njano, akanijia kwa upole. "Mzee wangu, fungua tuongee."

"Siwezi."

Majirani: "Wueee! Amekataa! Simama imara, Baba Nekesa!"

"Hapana, nasema siwezi! Sina ufunguo!"

"Sema tena!" wakashangilia. Kumbe mtu akishakuwa shujaa, hakuna anayemsikiliza.

Fomani akanong'ona kwamba ule ufunguo wa kwenye nyasi hautafutiki leo, lakini ana grainda ya kukata chuma kwenye gari. Dakika chache tu, mnyororo umekatika. Lakini jenereta yao haijaletwa. Akatazama huku na huku, akaona nyumba iliyo karibu zaidi ni ya Mama Mwende. Akamwendea, akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Tunaomba stima kidogo tu, tumsaidie huyu mzee."

Mama Mwende alikuwa muuguzi miaka mingi. Ana ile sauti ya kukuambia geuka nikudunge. "Stima yangu haikati watu," akasema.

"Mama, mpe!" nikalia mimi kutoka getini. "Mama Mwende, aki tafadhali, mpe stima!"

Akanigeukia. Akaniangalia mimi, akaangalia ule mnyororo, akaiangalia ile tingatinga. Halafu akaja karibu akaniambia polepole, "Nyamaza, Baba Nekesa. Ukiwa umefungwa unafaa sana."

"Nimechoka, mama."

"Najua. Nitakuletea uji."

Na akaleta. Uji wa wimbi, moto, kwenye kikombe kikubwa cha plastiki. Akaninywesha mwenyewe, akanifuta midomo kwa ncha ya leso aliyojifunga kiunoni, mimi na mvi zangu. Nikamaliza, akaleta mwingine. Nilitaka kukataa, lakini niambieni, mama yangu alikufa nikiwa bado nabeba simiti. Ni nani tena amewahi kuninywesha uji? Nikanywa wote.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Chai ya asubuhi, pamoja na vikombe viwili vya uji, pamoja na mnyororo umebana pale pale panapobana. Nikaanza kupokezana miguu. Nikahesabu madirisha ya mtaa mzima. Mwishowe nikamwita.

"Mama Mwende."

"Nini tena?"

"Haja."

"Kubwa au ndogo?" (Kwa sauti hiyo ya wodi! Mtaa mzima ukasikia!)

"Ndogo, mama. Lakini inakuja."

Hakucheka hata kidogo. Akaingia ndani, akatoka na ndoo tupu ya rangi na leso tatu. Akawaita wanawake wa mtaa. Mnajua vile mwanamke akishikwa na uchungu njiani, wenzake humzungushia leso akajifungua kwa heshima? Basi hivyo. Wakanizungushia mimi, mwanamume mzima, mwenye duka, wakaangalia pembeni wote. Wengine walikuwa wale wale ambao hatujawahi kusalimiana. Mmoja akasema, "Pole, baba, jisaidie tu," kana kwamba tunajuana tangu utotoni. Karibu nitokwe na machozi. Lakini kilichotangulia kutoka hakikuwa machozi.

Dereva wa tingatinga alikuwa juu kabisa, anaona kila kitu. Mtu muungwana yule. Akageuza uso. Na kwa heshima zake, akazima injini.

Jamani. Angeiacha!

Maana mtaa ulinyamaza kimya, hata ndege sikusikia. Kikabaki kitu kimoja tu, nacho ni ile ndoo. Ndoo tupu, ya plastiki, na mimi juu yake. Ilidunda kama bati la nyumba ya kijijini. Nikajaribu kupunguza, haikukubali. Nikakohoa, haikusaidia.

Ndipo kutoka kule kwenye veranda ikasikika sauti. Nzito, imekwaruza, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa.

"Mvua."

Mama Mwende akageuza shingo.

"Mvua!" sauti ikarudia, na kicheko juu yake. Kicheko cha Mzee Mutiso! Kile cha zamani, cha kuishia kikohozi.

Mama Mwende akasema, "Yesu wangu," akaachilia leso, akakimbia kwa mumewe. Wa pili kuona hivyo naye akaachilia, akamfuata. Wa tatu sijui alikimbilia nini, lakini naye akakimbia.

Nikabaki.

Hamhitaji nieleze. Nilikuwa katikati ya shughuli, na shughuli ile haina breki. Mbele yangu majirani, fomani, dereva wa tingatinga, na simu zote za Muthangari. Nilichoweza ni kushika ndoo kwa mkono mmoja na kupunga mwingine, kama mtu anayegombea ubunge.

Wakili wetu alifika nikiwa bado natafuta zipu. Mama mfupi, ana haraka, karatasi mkononi. Korti imesimamisha mjengo mpaka kesi isikizwe. Akaibandika karatasi getini, sentimita chache kutoka sikio langu, akaniuliza, "Kwani wewe ni nani na mbona umefungwa?" Fomani akaisoma, akaipiga picha, akamwonyesha dereva kwa kidole barabara ya kurudi.

Ndio sasa Mama Mwende akatoa waya wa stima dirishani mwenyewe. Fomani, Mungu ambariki, akanikata kwa grainda yake. Nikamfuata Mama Mwende mpaka kwenye veranda kumpa pole Mzee, au anipe yeye. Mzee akanishika mkono kwa ule wake mzima. Akaniangalia suruali. Akatikisika mabega.

"Nisamehe ile leso," Mama Mwende akaniambia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sijamsikia tangu mwaka jana, Baba Nekesa. Nilisahau kama upo."

Nikamwambia hakuna shida. Na kweli hakuna.

Kesi bado, msidhani tumeshinda. Mke wangu naye amepiga simu kutoka kwa dobi akauliza, "Ni wewe huyo mwenye ndoo?" Nimemwambia alete tu koti la kahawia. Ile video imeshafika kwenu, najua. Nawaomba msinicheke. Na kama lazima mcheke, basi msinitazame mimi: ongezeni sauti mwisho mwisho pale, msikilize veranda.