Nimeimba mvua, halafu nimeifukuza

Leo nimeaibika mbele ya kigango kizima. Tena nikiwa nimevaa joho la kwaya.

Mnajua nina kibarua kwa Dokta, yule mama mtafiti wa mimea anayekaa Makambako. Amepanda aina kumi na mbili za maharage pembeni ya kanisa letu, huku njia ya Uwemba, anataka kujua ipi inavumilia kiu. Kwa hiyo tunayanyima maji. Siku ishirini! Kazi yangu ni moja: mawingu yakijikusanya, navuta paa la nailoni juu ya fremu ya mabomba, nayafunika maharage.

Jamani, mimi sina roho hiyo. Kila asubuhi nayasalimu, "Kamwene," halafu nayaomba msamaha. Majani yamejikunja kama viganja vya mtoto mwenye baridi. Kipenzi changu ni namba saba, bado imesimama. (Nimeota mara mbili kwamba mbegu yake imepewa jina langu. Maharage ya Skola. Chekeni tu.)

"Skola," Dokta aliniambia, "maji yakiingia kabla ya siku ishirini kwisha, kazi ya msimu mzima imepotea."

Basi kila siku nachora mstari kwenye daftari. Jana ilikuwa ya kumi na nane.

Leo Jumapili. Mahindi ya watu yameanza kusokota majani, kwa hiyo misa ilikuwa na nia ya kuomba mvua. Nia kaiandikisha nani? Mama yangu. Wimbo wa mwisho, wa kuomba mvua, kauongoza nani? Mimi. Naimba kwa sauti, "Bwana, fungua mbingu," na moyoni naongeza, "ila Jumatano, Bwana. Jumatano inatosha."

Hakungoja Jumatano.

Ngurumo! Tone moja kwenye bati. La pili. Kanisa zima vigelegele, mama analia mikono juu. Mimi nimetupa kitabu cha nyimbo, nimeruka benchi, mbio katikati ya kanisa. Mlangoni nikakanyaga joho, nikaenda chini kifudifudi. (Kiatu kimoja sijakiona mpaka sasa.)

Asubuhi kulikuwa na jua, paa nililiacha wazi. Nikalivuta, nusu likaja, upepo ukanyakua ncha ya pili. Nikapanda juu ya ndoo, nikaidaka ncha, nikanyoosha mikono na kuifokea mvua: "Usinyeshe! Siyo hapa! Rudi!"



Nikageuka. Kigango kizima kiko nje, kinalowa, kinanitazama. Mwalimu wa kwaya, na lile domo lake, akasema, "Mwezi mzima tunapiga magoti, kumbe mvua anayo Skola!"

Wengi wakacheka. Wachache hawakucheka, na hao ndio walionitia hofu.

Mama akasogea. "Mwanangu, maharage yanakufa kiu, na wewe unayazibia mvua?"

"Mama, nayahurumia kuliko wewe. Lakini litakalovumilia ndilo tutakalopanda. Umesahau mwaka juzi? Tulikula mpaka mbegu."

Mama akainama. Akavua viatu vyake vya kanisani, akavitia chini ya nailoni, kwenye maharage, visilowe. Akashika ncha.

"Njooni mshike huku," akawaita wenzake. "Na wewe mwalimu, punguza maneno, shika bomba."

Basi tukasimama, wanawake wanane na mwalimu wa kwaya, tumelowa chapachapa, tunayakinga maharage na mvua tuliyoiomba wenyewe. Mama akaanzisha wimbo, tukaitikia. Nililia kidogo. (Mvua ilinisitiri.)

Ndipo gari la Dokta likaingia. Akashusha kioo.

"Skola, mnafanya nini?"

"Hata tone, Dokta!" Nimejaa sifa hapo.

"Lakini siku ishirini zimeisha jana. Leo nimekuja kuyaona yakinywa, nipime yanavyoamka."

"Jana ilikuwa ya kumi na nane, Dokta."

Nikamtolea daftari chini ya joho. Akahesabu mistari kwa kidole.

"Jumapili ziko wapi?"

"Jumapili? Si tunapumzika?"

"Unapumzika wewe, Skola. Maharage hayana Jumapili."

Aliyeanza kucheka ni mama yangu. Mama mzazi! "Haya, achieni," akasema. Wakaachia wote kwa pamoja, na maji yote yaliyojikusanya juu ya nailoni yakanimwagikia mimi.

Nimefukuzwa? Hapana. Dokta alicheka mpaka akaegemea gari, kisha akasema zile Jumapili mbili nilizoziruka tutaziandika zilivyo, hakuna kuficha.

Jioni nimerudi kuyaangalia. Mengi bado yamelala. Namba saba imeinua majani yote, kama mtu aliyesikia anaitwa. Nimeiambia pole.

Sasa nawaombeni kitu kimoja. Mkikutana na mama yangu sokoni, msimuulize habari za mvua. Anaanzia pale niliporuka benchi.