Karanga za Kumlainisha Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Februari

Maji yamenifika shingoni. Mke wangu, Siok-bi, alikuwa akibandika karatasi nyekundu mlangoni, akasema bila hata kugeuka: nisipopatana na mama yake, siku ya pili ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi ataenda kwao peke yake. Mimi nibaki na uji. Siku ya pili! Siku ambayo kila mkwe katika mji wetu huu wa Beigang huketishwa mezani kwa wakwe zake na kulishwa mpaka alegeze mkanda!

Na kosa langu nini? Sikukuu ya Mbalamwezi, miezi minne iliyopita, mama mkwe alitengeneza karanga za sukari, akaniuliza zikoje. Nikamwambia zina ladha ya chokaa ya ukuta. Mtu ameulizwa, amejibu. Tangu hapo hanisemeshi.

Nina mpango. Nitampelekea karanga za sukari nilizotengeneza kwa mikono yangu. Yaani mikono yangu itazitoa kwenye mfuko wa dukani na kuzitia kwenye kopo letu.

Jumanne, 6 Februari

Soko la nyuma ya hekalu la Mazu, mungu wa kike wa bahari. Nimevaa kofia, miwani ya jua na barakoa. Nikabadili sauti, nikaomba karanga za sukari kwa Bi A-tho. Akanipokea kwa sauti ya kuita zimamoto: ee, si mkwe wa Bi Gou huyu, mbona umejifunika hivyo, una mafua? Na karanga za kununua za nini, kwani mkeo ameugua?

Bi A-tho hucheza mahjong, ule mchezo wa vigae, na mama mkwe. Nikasema nimekuja kuulizia kitunguu saumu. Akasema yeye hauzi kitunguu saumu, na mimi najua hauzi.

Njiani nikakutana na Bing-hong, mwanyumba wangu, mume wa dada yake Siok-bi. Kabeba boksi la kokwa za jozi lenye utepe wa dhahabu, limetoka Taipei. Akaniuliza mwaka huu ninapeleka nini. Nikamwambia nina haraka.

Nimerudi na karanga mbichi. Basi nitapika kweli.

Jumatano, 7 Februari

Kuomba maelekezo? Mimi? Sukari, maji, karanga, moto. Hata paka angeweza.

Kabla ya kuwasha jiko nilimkumbusha Siok-bi miiko ya upishi wa mwisho wa mwaka: maneno ya nuksi hayatamkwi. Hakuna “imeungua”, hakuna “imeharibika”. Na kwa kuwa mdomo wake naujua, nikapiga marufuku maneno yote. Asitamke hata moja jikoni. Akakubali. Upesi mno, nikifikiria sasa.

Sukari ilichemka vizuri, karanga zikaingia. Siok-bi akaanza kupunga mikono. Akaonyesha karai, akaonyesha meza, akaonyesha tena karai. Nikaona ananishangilia. Nikaongeza moto.

Donge. Donge moja jeusi, na upawa umo ndani yake. Nimelipiga nyundo, nyundo ikachomoka mpini. Siok-bi alikuwa amekaa pale pale akimenya chungwa. Hakuvunja mwiko hata kidogo.

Alhamisi, 8 Februari

Jaribio la pili. Karai la kuazima, upawa wa kuazima. Siok-bi bado bubu, bado anapunga mikono.

Sukari ikiwa inatokota na karanga ndani yake, simu ikaita. Bing-hong. Kelele za karai zikanizuia kusikia, nikaliepua na kuliweka mezani. Afadhali nisingesikia! Mwanyumba, akasema, eti mwaka huu unakula uji? Nikufungie mfupa wa bata? Au nikupigie picha tu? Akacheka. Mimi nikawa nakoroga. Kila alivyocheka nilizidi kukoroga, mkono ukauma, na yeye bado anacheka.

Nilipotazama chini, sukari ilikuwa nyeupe. Kavu! Imezivika karanga moja moja, hakuna iliyoshikana na mwenzake. Nikatafuna moja, ikavunjika kwa mlio mtamu. Siok-bi akapiga makofi. Nikamkatia Bing-hong simu. Roho yangu kwatu.

Jumapili, 11 Februari

Siku ya pili ya Mwaka Mpya. Tumeenda. Mama mkwe alifungua mlango, akatazama kopo, mimi hakunitazama. Boksi la utepe lilikuwa tayari mezani, na Bing-hong pembeni yake kama mlinzi wa benki.

Mama mkwe akaonja karanga moja. Akatafuna taratibu. Mimi nilisimama kwenye kizingiti, viatu mkononi, tayari kuvivaa tena. Akauliza nimezifanyaje. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu siri ya ukoo wetu, lakini woga uliifuta yote. Nikasema nilikuwa nimemkasirikia Bing-hong, nikakoroga.

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ndivyo zinavyotaka: ziepue, kisha koroga kama una ugomvi na mtu. Zile za Mbalamwezi zilimshinda kwa sababu siku hiyo hakuna aliyekuwa amemuudhi. “Mpaka uliponijibu wewe,” akasema. Halafu: “Weka viatu chini, mwanangu, bata anapoa.”

Mwanangu! Nimepewa paja. Bing-hong kapewa shingo. Nilikwenda msalani nikalia kidogo, kwa furaha, nikanawa uso, nikarudi kula kamba.

Jumatatu, 12 Februari

Nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Tumesameheana, sisi ni familia, hakuna tena kufichana.

Jioni hii mama mkwe amepiga simu, kwangu mimi, si kwa binti yake! Aliuliza ile keki ya figili aliyotufungia jana ilikuwaje. Siok-bi alikuwa mbele yangu akitikisa kichwa na kuziba mdomo kwa mikono miwili. Jino linamuuma tena, masikini. Nikamwambia mama ukweli, kwa upendo, kama mwana: inateleza kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji.

Simu ikakatika. Mtandao wa sikukuu hovyo kabisa. Kesho nitampigia tena, maana kuhusu yule bata sijamwambia bado.